Paa la Stesheni ya Msufini

Karatasi zilikuwa nne, zimepigwa taipu, na Tarsis alizisoma akiwa amesimama nyuma ya magunia ya maharage, viganja vyake vimejaa vumbi la nafaka. Ukurasa wa kwanza ulimchekesha. Ukurasa wa pili ulimkausha mate.

"Pelham kaandika mwenyewe?" aliuliza.

"Mwenyewe," alijibu Bwana Tulsidas. "Kakaa na hotuba hii mwezi mzima. Jumamosi atawasomea watu, kisha kuna chai na keki. Mkalimani wa kamati kashikwa na homa. Nikawaambia, Kariakoo nzima nani anakijua Kiingereza kama Tarsis? Tena mtu aliyefanya kazi palepale."

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa katika stesheni ya Msufini, Tulsidas akipokea mizigo na vifurushi, Tarsis akikata tikiti kwenye dirisha la daraja la tatu. Haikuwa stesheni kubwa. Wajerumani waliijenga kabla ya vita vya kwanza, kati ya stesheni kuu na Buguruni, ili watu wa mjini wapandie hapo na mazao ya mashamba yashukie karibu na soko. Mwaka 1951 ikafungwa. Treni zikawa zinapita bila kusimama, njiwa wakahamia darini, mbuzi wakalala chini ya dirisha la Tarsis. Yeye akaingia kwenye biashara ya nafaka kama ndugu zake wengi waliotoka Kilimanjaro. Sasa ilikuwa 1956, jengo limepakwa chokaa liwe ukumbi wa mikutano, na aliyeandika historia yake ni Bwana Pelham, stesheni masta wa mwisho, ambaye siku hizi alikuwa mkubwa katika kamati za mji.

Tarsis aliweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa umesoma? 'Wasafiri wa kila rangi na kila daraja walipata hifadhi chini ya paa lile moja.'"

Tulsidas alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na uchafu. "Ndugu yangu, hotuba ni hotuba. Watu watakunywa chai, waende zao."

"Nitakuja," alisema Tarsis.

Jioni alimwambia mkewe. Candida aliacha kumenya ndizi.

"Baba Kasmir, kataa. Sema na wewe una homa."

"Nikikataa watampata mwingine, naye atawasomea uongo ule kwa Kiswahili safi."

"Na wewe utawasomea nini?"

Tarsis alizikunja zile karatasi, akazitia mfukoni. Hasira aliyokuwa nayo tangu asubuhi alikuwa anaijua, kwa maana ilikuwa na umri wa miaka kumi.

Ilikuwa Aprili ya mwaka arobaini na sita, masika yamepamba moto. Mdogo wake Severa alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Morogoro, alikoolewa na mwalimu Theophil, na siku ya kurudi aliamka na homa. Tarsis alitaka asisafiri, lakini Severa alisema mume wake amebaki na mtoto wa jirani tu wa kumsaidia, na mwenyewe hajui hata kupika uji. Treni ilikuwa ifike saa nne asubuhi. Ilifika saa kumi jioni.

Pale Msufini paa lilikuwa la daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu walingojea nje ya uzio wa seng'enge, juu ya changarawe, kuwe jua au mvua. Siku ile ilikuwa mvua, ile ya kunyesha kama mtu anamwaga ndoo, tena yenye upepo. Chini ya paa kulikuwa na mabenchi mawili matupu, na piano. Piano ya mke wa afisa mmoja aliyehamishiwa Dodoma, imefika mapema kungoja treni ileile.

Tarsis alifunga dirisha lake, akaenda ofisini kwa Bwana Pelham.

"Bwana, dada yangu ana homa. Naomba akae chini ya paa. Pembeni tu, hata kwenye sakafu."

Bwana Pelham hakuinua kichwa. "Na wale wengine mia moja? Nikimwingiza dada yako, kesho utaniletea shangazi." Kisha akampa kazi ya kufanya, na Tarsis akaenda kuifanya. Sehemu hiyo hakuwahi kumsimulia mtu, hata Candida.

Severa alifika Morogoro ametota hadi mifupani. Kichomi kikamshika. Alikaa siku nane, ya tisa wakamzika.

*

Jumamosi watu walijaa. Kamati ilikuwa imewaalika wote waliowahi kuwa na mguu pale: wapagazi wa zamani, mafundi wa reli wanaokaa Gerezani, kina mama waliokuwa wakiuza vitumbua na mihogo kando ya uzio. Uzio wenyewe ulikuwa umeng'olewa. Mabenchi yalipangwa palepale ulipokuwa ukumbi wa wazi wa abiria, chini ya paa, na wengi wa wale waliokalia walikuwa wanaingia chini yake kwa mara ya kwanza. Walikuwa wakitazama juu, kwenye boriti, kama wageni walioingia msikitini.

Mbele kabisa alikaa Bi Sofia, Mzaramo wa Buguruni, mwanamke mnene wa miaka sitini hivi aliyeuza uji pale miaka ishirini. Tarsis alimwamkia.

"Shikamoo, Bi Sofia."

"Marahaba, Tarsis. Umenenepa. Biashara imekupenda."

Bwana Pelham alipanda jukwaani akiwa na suti nyeupe. Alikuwa amezeeka vizuri, uso mwekundu, macho ya furaha. Miaka kumi na minne nchini, na Kiswahili chake kilikuwa bado hakijavuka "lete chai" na "upesi". Alimpa Tarsis mkono. "Tarsis! Kijana wangu wa tikiti!" alisema kwa Kiingereza. Tarsis alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Wakaanza. Pelham anasoma sentensi mbili tatu, anasimama, Tarsis anatafsiri. Mwaka wa kujengwa, urefu wa jukwaa, mbao zilizotoka wapi. Tarsis alitafsiri kila kitu kama kilivyo, hata utani, na watu wakacheka panapostahili. Kwa kuwa Pelham alisema "mimi", naye alisema "mimi", kama mkalimani anavyotakiwa.

Ukafika ukurasa wa pili.

"Wasafiri wa kila rangi na kila daraja," alisoma Pelham, sauti imejaa, "walipata hifadhi chini ya paa lile moja." Akasimama, akamgeukia Tarsis akitabasamu.

Tarsis alifungua kinywa. Maneno ya Kiswahili yalikuwa tayari, mepesi, yamejipanga. Hayakutoka. Yakatoka mengine.

"Paa hili," alisema, "halikuwa lenu. Mimi ndiye niliyewaweka nje. Wengi wenu mlinyeshewa mkiyatazama mabenchi matupu."

Ukumbi ukanyamaza kama kisima. Mpagazi mmoja aliyekuwa akijipepea na kofia aliacha mkono hewani. Pelham aliuona ukimya ule, akaupenda. Aliendelea kusoma habari za bustani ya maua aliyoipanda mbele ya stesheni, na jinsi wageni walivyoisifu.

"Siku moja ya masika," alitafsiri Tarsis, "mwaka arobaini na sita, kulikuwa na mwanamke mgonjwa hapo nje. Jina lake Severa. Kaka yake alikuja kuniomba nimweke chini ya paa. Nilikataa."

Pelham alisoma kuhusu zawadi ya usafi, ambayo Msufini iliishinda mara mbili mfululizo.

"Chini ya paa niliweka piano. Piano haikulowa. Mwanamke alikufa kwa kichomi baada ya siku nane, na mimi sikuuliza habari zake hata siku moja."

Kutoka benchi la mbele Tulsidas alikuwa akimkodolea macho. Yeye peke yake kati ya waalikwa ndiye aliyezielewa hotuba zote mbili. Miwani ilikuwa mkononi, mdomo wazi. Lakini hakusimama kumzuia.

Tarsis alijisikia mwepesi. Alijisikia kama mtu aliyetua gunia. Hasira iliyomkaba miaka kumi ilikuwa inatoka kwa sauti ya mkalimani, kwa utulivu, na yule aliyeisababisha alikuwa amesimama pembeni akiitikia kwa kichwa. Pelham alimaliza kwa kuwashukuru watu kwa uaminifu wao. Tarsis akamalizia: "Hiyo ndiyo historia ya stesheni hii."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia. Kisha Bi Sofia akasimama.

Alikwenda polepole hadi jukwaani, akapanda ngazi yake huku ameshika goti, akauchukua mkono wa Bwana Pelham kwa mikono yake miwili.

"Bwana," alisema, na sauti yake ilifika kila pembe, "mimi nilikuwepo. Yule binti nilimfunika kwa gunia la mkaa, sikuwa na kingine. Miaka kumi nimekuchukia. Kila nikipita hapa nimetema mate. Leo umesimama mbele za watu ukasema kwa kinywa chako. Wakubwa wangapi wanaweza hivyo? Nimekusamehe. Mbele ya Mwenyezi Mungu, nimekusamehe."

"Amina," walisema watu. Mpagazi wa kofia alikuwa amesimama. Wengine wakasimama naye.

Ndipo Tarsis alipoelewa alichofanya. Alikuwa amekusudia kumvua mtu nguo, kumbe amemvisha joho. Toba ambayo Pelham hakuifikiria hata katika ndoto, yeye Tarsis amemtungia, amempa bure, na sasa watu wa Mungu walikuwa wanamlipa kwa msamaha.

Pelham aliuacha mkono wake ushikwe. Alikuwa ameguswa, macho yana unyevu. "Bibi huyu anasema nini?" alimwuliza Tarsis kwa Kiingereza.

"Anasema amekusamehe."

"Kunisamehe?" Alicheka kidogo, kwa upole. "Kwa kosa gani?"

Basi Tarsis akamwambia. Safari hii kwa Kiingereza chote alichofundishwa na mapadri, neno kwa neno, akimtazama usoni: mvua, uzio, homa, ofisini, shangazi. Alimtajia tarehe. Alimtajia siku nane. Sauti ilianza chini, ikapanda, na mwishoni alikuwa anapiga kelele mpaka njiwa wakaruka darini.

Pelham alikunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Aprili, arobaini na sita," alirudia. Kisha uso ukafunguka. "Ah! Ile piano! Naam, naikumbuka. Mvua ya ajabu siku ile. Tuliinusuru kwa bahati tu."

"Na mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

Hakuwa anajifanya. Tarsis alimchunguza vizuri, akitafuta hata chembe ya uongo, maana uongo angalau ungekuwa na aibu ndani yake. Hakuona kitu. Mtu yule hakumkumbuka.

Tarsis aliwageukia watu.

"Ndugu zangu, nimewadanganya. Bwana hakusema hata neno moja katika yale. Niliyasema mimi. Yeye amesoma habari za maua na zawadi ya usafi, na amesema nyote mlikaa chini ya paa hili. Nimemwuliza sasa hivi, mmesikia mkiwa hamwelewi. Piano anaikumbuka. Severa hamjui."

Manung'uniko yalipita kwenye mabenchi. Bi Sofia alikuwa bado ameushika ule mkono. Aliutazama, kama mtu aliyeokota kitu njiani akakuta si chake. Akauachia. Akaifuta mikono yake kwenye khanga, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Mwambie," alisema, "nimeyarudisha maneno yangu."

Tarsis alitafsiri. Hiyo aliitafsiri sawasawa.

Bi Sofia akashuka, akapita katikati ya mabenchi, akatoka. Wapagazi wakafuata, kina mama wakafuata, mafundi wa Gerezani wakafuata, na hakuna aliyeigusa chai. Mke wa Bwana Pelham alibaki amesimama na birika mkononi. Pelham alikuwa mwekundu hadi shingoni, anamwuliza Tulsidas kulikoni, na Tulsidas, aliyeipokea piano ile kwa muhuri wake mwenyewe, alisema, "Bwana, mimi nilikuwa wa vifurushi tu." Kisha askari mmoja akamshika Tarsis kiwiko, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee, nenda nyumbani. Tafadhali, kabla hawajaniamuru nikukamate."

*

Alimkuta Bi Sofia barabarani, amekaa juu ya jiwe la mpaka, akijikanda goti. Ndani ya Tarsis kulikuwa na fahari kidogo. Alitegemea kusikia neno la kumpongeza.

"Umenifanya nimshike mkono," alisema Bi Sofia.

"Nisamehe, mama. Nilitaka watu wajue."

"Wajue nini?" Alimtolea macho. "Nani mle ndani alikuwa hajui? Ni sisi tuliolowa! Ulidhani tunangoja wewe utuambie kuwa mvua ina maji? Asiyejua alikuwa mmoja, na huyo ndiye uliyemwacha wa mwisho."

Lori la mkonge lilipita, likawatimulia vumbi.

"Tena nikuulize," aliendelea Bi Sofia. "Katika hiyo historia yako, umemtaja Mzungu, umemtaja marehemu, umeitaja piano. Aliyeifunika piano mbona hukumtaja?"

Fahari ikatoka yote kwa mkupuo mmoja.

"Maturubai yalikuwa mawili," alisema Bi Sofia. "Niliyahesabu kwa macho haya. Nikasema moyoni, la pili atatuletea sisi, dada yake yuko hapa. Upepo ulikuwa unavuma, na wewe unafunga kamba, unafunga, unazunguka, unafunga tena. Yote mawili juu ya piano."

"Aliniamuru. Alisema nisipoifunika nitaondoka kazini siku ileile."

"Najua alikuamuru. Sikuulizi yeye. Yeye nimeshamalizana naye." Sauti yake haikupungua ukali. "Unajua Severa alisema nini? Alikuwa ananitetemekea begani, meno yanagongana, akakuona unafunga. Akaniambia, 'Bibi, yule ni kaka yangu. Anafanya kazi hapa.' Kwa kujivuna, Tarsis. Kwa kujivuna!"

Tarsis alikaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya Jumapili. Watu waliokuwa wakitawanyika kutoka ukumbini waliwapita, wengine wakimpungia mkono, wengine wakisema, "Umetuwakilisha, Mchaga!" Kila neno la sifa lilimchoma, akatamani wamtukane.

"Nimwambie nani?" aliuliza hatimaye. "Amekufa."

"Mumewe naye kafa?"

Gazeti la wiki ile lilichapa historia ya Bwana Pelham nzima, pamoja na mstari wa paa. Kuhusu mkalimani hawakuandika kitu. Leseni ya duka la Tarsis, iliyokuwa ikitolewa siku moja, ilichukua miezi miwili ya kuambiwa njoo kesho. Tulsidas aliacha kupita dukani, na walipokutana sokoni alivuka kwenda upande wa pili. Hayo yote Tarsis aliyapokea, hata akayafurahia kidogo, kama mgonjwa anavyofurahia dawa chungu.

Lakini kabla ya hayo, Jumatatu iliyofuata mkutano, alimsimulia Candida yote, akapanda treni ya Morogoro. Candida hakumzuia. Alimfungia maandazi kwenye kitambaa, akasema, "Usijitetee. Ukianza kujitetea, nyamaza."

Mwalimu Theophil alikuwa ameoa tena, ana watoto wanne, nywele zimeanza mvi. Kwa miaka kumi alikuwa akimpokea Tarsis kila Noeli kama ndugu wa damu. Alimkaribisha ndani, akamwita mkewe alete maji. Tarsis hakuyanywa. Alisema aliyokwenda kusema, na palipomjia neno la kujitetea alinyamaza, kisha akaendelea.

Theophil alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa najilaumu mimi," alisema. "Miaka yote. Kwamba angengoja apone kama ningejua kupika uji."

"Najua."

"Hukujua. Ungejua ungeniambia." Kisha akauliza, "Maturubai yote mawili?"

"Yote mawili."

Theophil akainuka. Tarsis naye akainuka, tayari kwa ngumi, akiitaka. Haikuja. Shemeji yake alipita mbele yake bila kumgusa, akatoka uani, akachukua shoka, akaanza kupasua kuni. Zilikuwepo nyingi zilizokwisha kupasuliwa, zimepangwa ukutani hadi dirishani. Alipasua nyingine, na nyingine, kwa nguvu iliyofanya vipande viruke hadi mlangoni kwa jirani, na watoto wakaingizwa ndani.

Tarsis alisimama mlangoni hadi jua lilipofika kwenye milima. Alipoondoka, hadi barabara ya stesheni alikuwa bado anamsikia akipasua.